Kidari cha Baba Mkubwa

Siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nilipata kazi jikoni kwa mapadri, Ngara mjini, na huko ndiko nilikouona mkate wa nyama. Nyama inasagwa, inachanganywa na vitunguu na mkate uliolowekwa maziwa, mayai ya kuchemsha yanapangwa katikati, kisha unaviringisha. Ukiukata, kila kipande kina jicho la njano. Mara ya kwanza nilizunguka meza nzima nikitafuta tundu walimopitishia yai. Ndivyo nilivyokuwa, kila kitu nataka kujua kimeingiaje.

Pasaka nikarudi nyumbani, Murusagamba. Barabara yake usiniulize. Nikakuta baba amemchinjia mbuzi kaka yake, baba mkubwa, ambaye hakuwa ametia mguu kwetu miaka miwili kwa ugomvi wa mpaka wa migomba. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulikuwa tumelima sana. Sasa amekubali kuja kula, na mama aliniambia baba wiki nzima hapati usingizi.

Nikasema, niachieni jiko. Shangazi akacheka, akasema mwanamume anayenusa sufuria mwisho ataolewa yeye. Nikamwacha aseme.

Nikasaga mbuzi mzima, mwanangu. Paja, mbavu, kidari, vyote nikavikatakata kwa panga juu ya gogo, mpaka mkono ukafa ganzi. Tanuri hatukuwa nalo, nikaoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mkate uliiva ukapendeza, hapo sitajisingizia unyenyekevu.

Baba mkubwa akatazama kipande kwenye sahani. Akakigeuza.

"Kidari changu kiko wapi?"

"Kimo humo humo, baba mkubwa."

"Humo wapi? Nionyeshe."

Ningemwonyesha nini? Katika ukoo wetu kidari ni cha mkubwa. Anakatiwa mbele ya watu wote, na ndicho kinachomwambia wewe bado ni wetu. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua njia ya kwao, bila kuitazama. Baba mkubwa akanawa mikono, akachukua kofia yake, akaondoka. Baba akabaki ameinamia sahani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Bibi, mama yao wote wawili, ndiye aliyesema. "Nyama umeidadisi mpaka ndani. Mlaji hukumdadisi."

Kesho yake nikaenda kwa baba mkubwa mikono mitupu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kupalilia. Nikamwambia sikuja kujitetea, nimekuja kuuliza: kidari kilianzaje kuwa chake?

Jembe likasimama. Akanieleza mpaka jua likawa kali, jinsi babu alipokuwa mgonjwa alivyomkatia kidari mbele ya baba yangu, akamwambia wadogo zako hawa sasa ni wa kwako kuwaangalia. Tangu ugomvi uanze hakuna aliyemkatia tena.

"Jana nilidhani mmenisaga mimi," akasema. Akaweka jembe begani. "Ule mkate umebaki?"

Ulikuwa umebaki. Tukaenda wote. Baba alipomwona mlangoni aliinuka. Alichukua kisu, akakata kipande cha kwanza, mkate wenyewe umepoa, akampa kaka yake kwa mikono miwili mbele yetu sote. Baba mkubwa akala. Mpaka wa migomba waliugombania tena baadaye, sikufichi, ila tangu hapo waligombana huku wanakula pamoja.

Mwanangu, ukijifunza kitu ugenini, kilete nyumbani, usione haya. Lakini kabla hujachanganya, uliza kila kipande ni cha nani na kwa nini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukikosea, rudi ukaulize, hata kama umechelewa. Mtu aliyeumia hufunguka zaidi akiulizwa kuliko akiombwa radhi tu.

Mungu akupe meza yenye watu wengi, na asiwepo kati yao anayejiona mgeni kwako.