Wavinya na Taa Mbili

Wapangaji wa ploti ile ya Kayole, Nairobi, walimjua Wavinya kwanza kwa kamba yake ya nguo. Kule juu ya paa, kamba za wengine zililegea mpaka shuka zikafagia saruji. Yake ilinyooka kama imepigwa rula, na fundo lake halikuwahi kufunguliwa na mtu mwingine.

"Hilo ni fundo la meli," Saado, jirani yake muuza vitambaa, aliwaambia wapangaji wapya, akijivuna kana kwamba amelifunga mwenyewe.

"Meli? Hapa Kayole?"

"Cheka tu. Huyo mama amefika Brazili."

Na kweli alikuwa amefika. Kwa miaka sita Wavinya alikuwa baharia wa sitaha katika meli za mizigo. Alikwangua kutu, akapaka rangi, akafunga kamba nzito bandarini, na zamu yake ya usukani ikifika alishika usukani na kufuata amri ya afisa. Mkataba ukiisha alirudi kwa mumewe Kitonga, fundi wa kuchomelea vyuma, na binti yao Kate, ambaye kila mara alimkuta amerefuka na kuota meno mapya.

Kati ya wasichana waliosoma naye ubaharia Mombasa, ni yeye tu aliyekuwa bado anakwenda. Wenzake walisafiri mara moja, mara mbili, wakaacha. Si kwamba mawimbi yaliwatisha. Mmoja wao alikuwa na moyo wa chuma kuliko wanaume wote melini. Kilichowachosha ni kuona kwamba baada ya ndoo ya rangi inakuja ndoo nyingine ya rangi, na baada ya hiyo uzee.

Wavinya mwenyewe alikuwa ameanza kuchoka hivyo hivyo, asimwambie mtu. Ndipo Mwalimu Batulo, aliyemfundisha kule chuoni, alipompigia simu.

"Tulikosea, mwanangu," mwalimu alisema, bila kuzunguka. "Tuliwafundisha kupanda meli, hatukuwafundisha kukaa humo. Sasa tumefungua darasa la mabaharia wenye uzoefu kama wewe. Mnasoma, mnarudi baharini kufanya mazoezi, mnarudi darasani. Mwisho wake unatoka afisa. Nilipokuwa nikilipigania nilikuwa nikikuona wewe. Nafasi yako ipo mpaka Ijumaa."

Wavinya alikata simu akabaki amesimama katikati ya nyumba, sufuria mkononi. Alitaka kumwambia Kitonga jioni ile ile. Lakini Kitonga alirudi mapema, amenawa masizi mpaka shingoni, akamshika mkono na kumpeleka kando ya barabara ya Spine Road. Pale, kati ya muuza viatu na kinyozi, aliondoa turubai.

Kilikuwa kibanda cha chuma. Alikichomelea mwenyewe baada ya kazi za wateja, siri yake peke yake. Kilikuwa na rafu, dirisha la kuuzia, na kingo alizozisugua zote zisije zikamkwaruza mkewe. Kilikuwa na rangi ya kijivu tu, ile ya kwanza ya kuzuia kutu.

"Rangi utachagua wewe," Kitonga alisema. "Unga, maharagwe, mafuta. Unafungua, unafunga, unalala kwako. Huendi tena, Mama Kate."

"Ni kizuri," Wavinya alisema. Na kwa kuwa kilikuwa kizuri kweli, hakutaja simu ya mwalimu.

Jioni iliyofuata alipanda juu ya paa na Kate kuanua nguo. Huko ndiko lilikofanyika somo lao la siku zote. Ndege zilikuwa zikigeuka angani kuelekea uwanja wa ndege wa Embakasi, na Wavinya alikuwa amegundua zamani kwamba mabawa yake yana taa zile zile za meli.

"Kushoto kwa meli?" aliuliza.

"Nyekundu."

"Kulia kwake?"

"Kijani!"

"Ukiziona zote mbili, nyekundu iko upande wako wa kulia?"

"Inakuja! Imenielekea mimi, kwa hiyo kulia na kushoto kumegeuka."

"Na ikikupa mgongo?"

"Nyeupe peke yake. Mama, hilo ni rahisi, niulize lingine."

Kitonga alikuwa ameketi kwenye tofali karibu na tangi la maji. Hawakumsikia akipanda.

"Mbona unamfundisha mtoto taa za meli," alisema polepole, "na wewe umeacha meli?"

Basi Wavinya akamwambia yote. Kitonga alisikiliza huku akiitazama mikono yake.

"Na kile kibanda nilimjengea nani?"

"Mimi. Na sijawahi kujengewa kitu kama kile." Aliketi karibu naye. "Lakini naona taa mbele, naambiwa kata kulia, nakata. Miaka sita. Nataka siku moja mimi ndiye niseme. Wewe ulishikia watu vyuma muda gani kabla hujapewa mashine ya kuchomelea?"

"Muda."

"Na kama wangekwambia utashikia tu mpaka ufe?"

"Ningeenda kuuza mitumba." Karibu acheke, kisha akajizuia. "Lakini mimi nilikuwa narudi kulala nyumbani, Mama Kate."

Kitonga aliinuka akashuka ngazi.

Alhamisi Kitonga alitoka kabla ya jua na kurudi Kate amekwisha kulala. Usiku Wavinya alilala akiwa ameamua: asubuhi angempigia Mwalimu Batulo amwambie hapana. Angeuza unga, na angeuza vizuri, kwa sababu hakujua kufanya kitu ovyo.

Ijumaa alipoamka, Kitonga na Kate hawakuwamo ndani. Saado ndiye aliyemwita kwa kelele kutoka chini.

"We Wavinya! Shuka uone mambo ya mume wako! Amechafua barabara nzima!"

Alifika Spine Road akitweta. Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi, nusu nyekundu na nusu kijani, na Kate alikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi.

"Si ulisema nitachagua mimi?"

"Simama hapo barabarani," Kitonga alisema. "Kisome."

Wavinya alisimama. Alitazama rangi moja, kisha nyingine.

"Nyekundu kulia kwangu. Kijani kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Inakuja."

"Basi nenda ukasome, bora uje," Kitonga alisema. "Saado atauzia vitambaa humu mpaka utakapokitaka."

"Na nitakitunza," Saado alidakia, "ila nikikipenda hukipati."

Wavinya alisogea karibu. Pembeni, chini ya kijani kibichi, wekundu ulikuwa ukichungulia.

"Hapa pamekuwaje?"

Kitonga alikuna kichwa. "Mara ya kwanza nilipaka kinyume. Mtoto wako akanicheka mbele ya kinyozi. Ati hakuna meli kama hiyo duniani."

"Hakuna kweli," Wavinya alisema, na akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu ampigie Mwalimu Batulo.