Mumi kwa Meza ya Msabato

Leo mzee wangu ameniagizia mumi.

Mumi, jameni!

Mnajua yeye ni Msabato, na samaki bila magamba kama mumi haingii kwa nyumba yetu, wala kwa sufuria zetu. Mimi ni Mkatoliki wa Muhuru Bay, mumi ndiyo imenilea. Tangu tuoane sijaionja, na sijawahi kulalamika.

Tulikuwa tumeketi hotelini hapa Homa Bay, akamwambia mhudumu, "Mimi ngege, samaki wa magamba. Mama mletee mumi."

Nikamuuliza, "Nani amekuambia naitamani?"

"Kila tukipita sokoni, ukifika kwa wauza mumi unapunguza mwendo."

Kumbe miaka hii yote alikuwa ananiona.

Iliyobaki tumefungiwa. Sasa tunaenda nyumbani, na ni yeye ameibeba.

Hebu niambieni, naipasha moto kwa sufuria gani?