Saa Iliyowahi Jumamosi

Jina la nyumbani halikumkalia hata wiki moja pale chuo cha ufundi wa saa. Siku ya kwanza mwalimu aliwagawia wanafunzi mashine za saa zilizokufa zamani, wazizoee tu mkononi. Yeye akaona vumbi juu ya yake, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akapuliza. Mwalimu akaruka kama aliyekanyaga msumari.

"Pumzi yako ina maji, binti! Umeshainywesha kutu hiyo."

Darasa likaangua kicheko, na tangu hapo akaitwa Pumzi. Mpaka anamaliza chuo, mpishi wa pale hakuwahi kujua kama ana jina jingine.

Pumzi alikuwa kitinda mimba wa fundi cherehani mstaafu, na kabla ya chuo alishona vifungo vya mashati ya watu miaka kadhaa. Asidhani mtu kwamba alikuja kwa wito. Alikuja kwa sababu nafasi za udereva zilijaa na za saa zilibaki, na hilo hakulificha. Lakini alipobandika lenzi jichoni akaona springi nyembamba kama unywele ikijikunja na kujikunjua, kazi ilimwingia moja kwa moja. Akawa wa kwanza kukaa mezani na wa mwisho kuondoka, tabia inayowakera wenzake katika kila chuo duniani.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, madirisha hayafunguliwi kwa kuogopa vumbi, na meza zilifika kifuani ili mtu asiiname. Makoti meupe hayakuwa na mifuko wala mapindo, maana kiskurubu kikiingia kwenye pindo la koti ndiyo kwaheri. Sheria kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza: kitu kikichomoka kwenye kibano kikaruka, hakuna wa kuhamisha mguu mpaka kipatikane. Siku moja darasa zima liliganda vile asubuhi nzima, mmoja ameinua kikombe, mwingine anawashwa pua, huku mwalimu akitambaa chini ya meza na tochi. Kiskurubu kilikuwa kwenye nywele za jirani yake Pumzi, kijana mzito wa kila kitu ambaye kwa sababu hiyohiyo walimwita Umeme.

Ya pili ilikuwa: chora kabla hujagusa. Kila unachokikuta ndani ya saa ukichore kilivyo, na mahali kilipo, kabla bisibisi haijakaribia. Pumzi alichora vizuri kuliko wote. Hata mwalimu, mtu mchoyo wa sifa, aliwahi kusimama nyuma yake akaguna.

Mtihani wa mwisho ulijulikana tangu siku ya kwanza: kila mwanafunzi alete saa mbovu ya kwao, aifungue, aisafishe, airudishe inakwenda sawa mbele ya mwalimu. Ikikubali, umefuzu. Ikikataa, unarudi ulikotoka. Kwa Pumzi, kurudi alikotoka maana yake ilikuwa vifungo.

Nyumbani kwao saa ilikuwa moja, ya mkononi, ya Baba, na ilikuwa na tabia yake. Jumapili jioni, taarifa ya habari ikianza redioni, Baba aliiweka sawa. Jumatatu alikuwa mtu kama watu. Lakini saa ile ilikuwa inakimbia, na kadiri wiki ilivyosogea ndivyo ilivyomvuta, kiasi kwamba kufikia Jumamosi Baba alikuwa barabarani majirani bado wanatafuta ndara chini ya kitanda. Watoto wa nyumba ile walijua kutoa kabla ya kujua kujumlisha. Mama yao, enzi za uhai wake, alikuwa akiulizwa kwa nini saa haipelekwi kwa fundi, anacheka tu na kuendelea na shughuli zake. Mwaka mmoja baada ya Mama kufariki, saa ikaanza kugoma: inakwenda, inasimama, inatikiswa, inakwenda tena.

"Baba, naomba ile saa yako," Pumzi alisema. "Ndiyo ya mtihani wangu."

Baba akaivua taratibu. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe kuliko mkono wote.

"Imechafuka, hilo naliona. Isafishe. Ila irudi vilevile."

"Vilevile vipi, Baba?"

"Vilevile, mwanangu. Kama ilivyo."

Baba alikuwa mtu ambaye ukimuuliza swali mara ya pili anatafuta kofia yake. Pumzi akadhani mzee anaogopa kubadilishiwa kioo. Akaahidi.

Alipoifungua chuoni aliona aibu kwa niaba ya familia. Mafuta yalikuwa yamegeuka gundi. Mashine ya kupimia mwendo, saa ilipowekwa juu yake, ilichora vidoti ovyo kama miguu ya kuku kwenye unga, hata mwalimu akaizima. Na kile kimkono kidogo cha kuongeza na kupunguza mwendo, ambacho wanafunzi walikiita usukani, kilikuwa kimesukumwa mbali upande wa kukimbia. Pembeni mwa ncha yake, kwenye chuma kilichopaswa kung'aa, mtu alikuwa ameparua mkwaruzo kwa kitu chenye ncha.

"Fundi gani wa barazani huyo!" Umeme alisema akichungulia. "Alikuwa anafungua saa au kopo la samaki?"

Pumzi akacheka naye. Kisha akachora magurudumu, skurubu, vijiwe vyekundu ambamo magurudumu huzungukia, vyote mahali pake. Usukani na mkwaruzo hakuvichora. Ya nini kuchora uchafu wa mtu mwingine? Usukani akaurudisha katikati unapostahili kukaa. Mkwaruzo akaukalia mchana mzima na kijiti na unga wa kung'arishia, mpaka chuma kikawa kioo, na akajisikia vizuri sana.

Saa ilikwenda sawasawa kabisa. Mwalimu aliiweka sikioni kwa mazoea ya kizamani, akaitazama kwenye mashine, akaitazama tena kwa lenzi, akasema, "Hata mimi nisingeifanya zaidi ya hapa." Umeme, ambaye yake ilikwenda siku moja ikachoka, alimpa mkono wa pongezi na kununa kwa wakati mmoja. Pumzi akafuzu, wa kwanza.

Baba aliipokea saa kwa mikono miwili, akashukuru, akaivaa. Wiki ikapita. Jumapili iliyofuata Pumzi alimkuta mezani, redio inanguruma, mkono mtupu. Saa ilikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa.

Hapo ilimuuma, na tuseme wazi kwamba ilimuuma vibaya. Mwalimu amesifu, chuo kimesifu, halafu baba yake mzazi anaifukia kazi yake chini ya vitambaa.

"Baba, saa ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Sasa mbona huivai?"

Baba akatazama kofia yake, lakini ilikuwa imetundikwa mbali. Akapunguza sauti ya redio.

"Nilipoanza kuonana na mama yenu, tulikuwa tunakutana Jumamosi, pale kituo cha basi. Nilikuwa mchelewaji, mwanangu, usiniulize. Ananisubiri, jua linampiga. Siku moja akaniambia mkanda wa saa umechakaa, nimpe akabadilishe. Akaipeleka kwa fundi, akamwambia aisukume. Si sana. Kiasi kwamba ikifika Jumamosi niwe wa kwanza kufika mimi, nikae nimsubiri yeye. Fundi akatia alama ndani, ili hata ikisafishwa irudi palepale. Nilikuja kujua tukiwa na kaka yako mkubwa tayari. Tulicheka siku hiyo!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mambo ya kabla hujazaliwa, nianze kukusimulia? Nilisema irudi vilevile." Akaizima redio kabisa. "Tangu atangulie, Jumamosi naenda bado pale kituoni. Nafika mapema, nakaa. Najua aliyeniwahisha ni yeye. Jumamosi iliyopita nilifika saa ya watu wote. Nikakaa pale kama mtu anayesubiri basi."

Pumzi akaitoa saa kwenye droo. Alimpenda mama yake kwa namna ambayo hakuwahi kuisema, na sasa alikuwa amemfuta kwa kijiti na unga, kwa bidii, akitafuta maksi.

"Nitarudisha, Baba," alisema.

Kesho yake alikwenda chuoni akaomba meza. Akafungua, akabandika lenzi, akatafuta angalau kivuli cha ule mkwaruzo. Chuma kiling'aa vizuri sana. Alifungua michoro yake: kila skurubu ilikuwepo, pale usukani ulipokuwa hapakuwa na kitu. Mwalimu akaja, akasikiliza kisa chote, akaichungulia saa kwa lenzi.

"Hata ungekuwa na alama, mafuta mapya yamebadilisha mwendo," alisema. "Lakini ungekuwa na pa kuanzia."

Ikabidi ashike njia ndefu. Alisukuma usukani unywele mmoja, Baba akavaa wiki nzima, Jumapili akatoa jibu. "Imezidi. Nilimkuta mfagiaji bado anafagia kituo." Akapunguza. "Imepungua." Akaongeza. Zikaenda wiki na wiki. Mafundi wenzake walishapata vibanda vyao, yeye bado anahangaika na saa moja inayokwenda vibaya kwa namna isiyofaa. Mpaka Jumapili moja Baba akaegemea kiti, akasema, "Hapohapo. Usiiguse tena."

Pumzi aliichora siku hiyohiyo, usukani na yote, kisha akatia mkwaruzo mpya kwa ncha ya sindano. Mpaka leo hajui kama kweli ilikuwa hapohapo, au Baba alimwonea huruma tu. Hajamuuliza, na Baba hajasema.

Siku hizi ana kibanda chake chenye dirisha la kioo, na wateja wanamsema ana vituko. Mtu anakuja, anaweka saa mezani, anasema inakimbia. Pumzi anabandika lenzi, anaishika bisibisi, halafu anauliza, "Na wewe unataka iache?" Mteja anacheka. Pumzi hacheki, wala hafungui saa, mpaka ajibiwe.