Uji wa Kabula na Kimea cha Pombe

Jamani, leo nimeitwa mpika pombe ya watoto!

Nesi wa kliniki hapa Tinde ameniambia Kabula wangu haongezeki uzito. Uji mwepesi haumshibishi, mzito haumezi.

Akanielekeza: pika mzito kama ugali, ukipoa kidogo tia kijiko cha unga wa kimea cha mtama, kile kile cha wapika pombe. Mtama ukichipua, alisema, huwa na vimeng'enya vinavyokatakata wanga.

Nikatia. Nikakoroga.

Uji ukalainika mbele ya macho yangu, ukanyweka. Na sikuongeza hata tone la maji!

Hapo mama mkwe akaingia.

"Mayu, mama wee! Kimea? Unamlevya mjukuu wangu?"

"Shikamoo mama. Hakijachacha, onja."

"Marahaba. Ninaonja ili nikusute vizuri."

Akaonja. Akaonja tena na tena. (Kusuta gani huko kwa vijiko vitatu?)

Kabula akamaliza bakuli zima, mara ya kwanza tangu aanze kula!

Sasa hivi mama mkwe yuko uani anamfundisha jirani: "Kijiko kimoja tu, usizidishe!" Utadhani kliniki alikwenda yeye.

Nimemwachia. Mwanangu ameshiba.

Kwenu mlipotia kimea mlifokewa na nani?