Tumbaku Isiyouma Ulimi

Bi Batuli binti Lukumani wa Gongoni hakuwahi kutia kiko kinywani, lakini ni kiko kilichotaka kumharibia jina mjini Tabora.

Mumewe, marehemu Mfaume, alikuwa muuza tumbaku. Kila mavuno alinunua majani kwa Lugembe, mkulima wa Kaliua, akayashindilia ndani ya mitungi, akaziba midomo yake kwa nta ya nyuki na kuipanga chumba cha ndani, gizani. Wenzake sokoni walimcheka. Yeye alisema, "Tumbaku changa ina hasira. Iache ikue, itakuwa na adabu." Alipofariki mwaka 1934 aliacha mitungi sita na wasia mmoja: isifunguliwe mpaka mvua tatu zipite.

Batuli aliuchunga wasia. Aliuza vitumbua, akalala na njaa siku nyingine, na mitungi hakuigusa. Mvua ya tatu ilipokwisha akabandua nta ya mtungi wa kwanza. Majani yalikuwa yamegeuka meusi, yakinukia kama zabibu kavu. Wavuta kiko wakaonja, wakarudi na wenzao. Haikuwasha, haikuchubua ulimi. Baada ya wiki mbili, meza ya Twalibu, muuza tumbaku mkubwa wa sokoni, ilikuwa haina mtu.

Twalibu hakukaa kimya. "Tumbaku ni kuuma," aliwaambia watu. "Isiyouma imetiwa kitu."

Maneno yangepita kama upepo, lakini Anton, fundi wa karakana ya reli, akanunua tumbaku ya Batuli Jumamosi, na Jumapili hakuonekana kanisani. Alikuwa kitandani, anatapika, jasho linamtoka, hata kusimama hawezi. Kufika Jumatatu mji mzima ulikuwa na neno moja: sumu. Vitumbua vya Batuli vikalala. Majirani wakaacha kuazima moto kwake. Jumanne tarishi akaja kumwita barazani kwa liwali.

Watu walijaa mpaka barabarani. Mitungi mitano iliyobaki ilikuwa imeletwa, imepangwa chini. Twalibu akataka ivunjwe na majani yachomwe.

"Bi Batuli," liwali aliuliza, "umetia nini humu?"

"Sikutia kitu, Bwana Liwali. Ni miaka tu."

Watu wakacheka. Batuli alisikia damu ikimpanda masikioni. Mzee Lugembe alikuwapo, amekuja na treni kuleta majani mapya. Batuli akamgeukia. "Baba, haya ya mwaka huu yametoka shamba lilelile?"

"Lilelile, na mbegu ileile."

"Basi Bwana Liwali achague mtungi mwenyewe. Avute mtu ya mtungini, avute na hii mpya. Ulimi utasema."

Liwali akanyoosha kidole, nta ikabanduliwa mbele ya watu. Viko viwili vikajazwa, kimoja tumbaku ya mtungini, kimoja ile mpya. Nani avute? Wale waliokuwa wakimsifu wiki iliyopita wakatazama viatu vyao. Batuli akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nipeni mimi."

Alianza na ile mpya. Ilimchoma kama pilipili, machozi yakamtoka. Akasukutua kwa maji, akashika ya mtungini. Moshi uliingia taratibu, mzito, wenye utamu wa mbali, ulimi haukushtuka. Akavuta mpaka majivu. Alitaka kuwaambia kwamba Mfaume alisema kweli, lakini ardhi ilikuwa imeanza kuinama.

Jasho baridi likamtoka. Mate yakamjaa kinywani. Akaegemea nguzo na kuikumbatia.

"Mtazameni!" Twalibu akapaza sauti. "Inampata mwenyewe!"

Watu wakasogea nyuma. Batuli alijua akianguka hapo, hakuna atakayemsikiliza tena. Akakaza meno, akahesabu pumzi zake, moja moja.

Ndipo akaja Pelagia, mke wa Anton, amemshika mumewe kwapani. Anton alikuwa amekonda, lakini alitembea.

"Sikulishwa sumu, Bwana Liwali," alisema. "Nilivuta viko saba, mfululizo, na sikuwa nimekula tangu asubuhi."

"Saba! Kwa nini?"

"Ile ya sokoni, kiko cha pili ulimi umeshachubuka, naacha mwenyewe. Hii haikuniuma. Ningejuaje pa kukoma?"

Liwali alimtazama Batuli pale nguzoni, akatazama na viko viwili vilivyolala mkekani. "Na huyu hakuwahi kuvuta maishani mwake," alisema polepole. "Mrudishieni mitungi yake."

Batuli hakushangilia. Alienda nyuma ya baraza, akatapika, Pelagia akimshika paji la uso. Kilichomkaa moyoni siku zile hakikuwa Twalibu. Mfaume alimwambia kwamba miaka huitoa tumbaku hasira. Hakumwambia kwamba nguvu hubaki palepale, na kwamba mtu aliyeizoea ile kali hudanganyika kwa upole wake.

Aliendelea kuuza mpaka mtungi wa mwisho. Kila mnunuzi alimfungia tumbaku ya kiko kimoja tu kwenye jani la mgomba, akamwambia, "Kwanza kula." Waliotaka zaidi aliwaambia warudi kesho yake. Wengine walinung'unika, na Anton alikuwa wa kwanza miongoni mwao.