Nilivyokula Sampuli ya Makumbusho Nikiwa na Mimba

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Machakos, na mume wangu ameapa nikiongeza chumvi atanirekebisha kwa comments.

Nafanya kazi kwenye makumbusho fulani madogo. Wenzangu wana ndege waliokaushwa na wadudu, mimi nina chumba cha mawe. Kila jiwe lina namba, droo yake, na uzito wake kwenye daftari. Napangusa vumbi, napima, narudisha.

Mume wangu naye yuko kwa machimbo kule Mlolongo, kwa hivyo nyumba yetu inaishi kwa mawe.

Mwaka jana nikapata mimba ya kwanza. Mwezi wa nne hivi, nafungua droo ya tano, harufu ikanipiga. Ile ya mvua ya kwanza ikigusa udongo mkavu. Ilikuwa kaolini, jiwe jeupe, laini, kubwa kidogo kuliko ngumi.

Wanawake mmeshanielewa. Ni ndugu ya odowa, yale mawe ya wajawazito yanayouzwa sokoni.

Siku ya kwanza nililamba tu. Ya pili nikajiambia kona kidogo haitaonekana. Wiki ya tatu nilikuwa naenda kwa droo na kikombe cha chai.

Mimi si mwizi, jamani. Hata kalamu ya ofisi sijawahi kwenda nayo nyumbani. Lakini hilo jiwe lilikuwa linaniita kwa jina.

Kisha mkubwa wangu, Bwana Kioko, mtu anayeogopa karatasi kuliko nyoka, akatangaza kwamba Madam Nduku anakuja kutoka makao makuu kukagua. Atachagua mawe, ayapime, alinganishe na daftari.

Na contract yangu ilikuwa inaisha mwezi huo huo. Wa kutia sahihi ni huyo Madam.

Nikapima jiwe langu. Daftari gramu 640, mizani 565. Nililia pale pale, wakuu. Mtoto anakuja, na mimi nimekula kazi yake.

Nikapanga kununua odowa, niichonge ifanane, niandike namba. Niliyonunua Jumatatu niliila njiani. Ya Jumanne pia. Ya Jumatano nilifikisha hadi getini.

Siku ya ukaguzi Madam Nduku akapima droo ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Nikaanza kupumua. Akaruka mbili, akafungua ya tano.

Akalichukua jiwe, akalinusa. Alama za meno zilikuwa wazi kabisa. Akamtuma Bwana Kioko alete daftari la zamani kutoka stoo, akangoja mlango ufungwe.

"Uko miezi mingapi?"

"Sita, Madam."

Akaligeuza, akanionyesha kona ya nyuma, iliyolainika kitambo.

"Hii kona ni yangu," akasema. "Nilikuwa nafanya kazi hapa hapa, nikiwa na mimba. Huyo kijana saa hii ako Form Two."

Bwana Kioko aliporudi, Madam akafungua ukurasa mmoja bila hata kutafuta. Mwandiko wake wa ujana: "Imepungua. Sababu: hali ya hewa." Akaniambia ninakili vivyo hivyo kwenye daftari la sasa, nikanakili. Bwana Kioko mpaka leo anashangaa hali ya hewa gani hii inayochagua jiwe moja.

Contract ilitiwa sahihi. Ufunguo wa droo ya tano nilinyang'anywa hadi nijifungue, na alasiri hiyo hiyo Madam akanituma kliniki. Nesi akapima, akasema damu imeshuka, mwili unatafuta madini ya chuma.

Wakuu, droo ya mawe ya chuma ilikuwa ya tatu.

Nilichojifunza: ukiwa mjamzito na udongo unakunukia, pitia kliniki kabla ya kufika kazini. Binti yangu ana miezi minane sasa, na kila akiokota kokoto nyumbani, mimi na baba yake tunamkimbilia.

Kina mama, semeni ukweli, nyinyi mlikula nini? Na mabwana, kabla ya kunicheka, nendeni kwanza mkaangalie kona za ukuta wa jikoni kwenu.