Kilio Kilichokuwa Kikinisubiri Ujiji

Utafiti wangu wote, tangu uzamivu hadi uprofesa, ni juu ya jambo moja: wajibu wa walio hai kwa waliokufa. Nimelifundisha, nimelitetea mbele ya wazee wenye miwani minene, nikapandishwa cheo kwalo. Na msiba wa baba yangu mzazi sikwenda. Haya, cheka. Siku aliyozikwa Ujiji nilikuwa ughaibuni natetea tasnifu, nikajiambia marehemu mwenyewe angenielewa.

Kwetu, aliyekosa mazishi hakwepi kilio. Hata akija baada ya miaka, akifika tu mlangoni msiba huanza upya: wanawake wa nyumbani huangua kilio, naye hulia nao, ndipo huambiwa aketi. Mila hiyo nimeiandikia makala, na wanafunzi wananinukuu. Mwenyewe niliikimbia miaka sita. Kila likizo sikukosa mkutano, au mitihani ya kusahihisha. Mama akipiga simu namwuliza habari za mguu wake, za mvua, za bei ya dagaa, basi. Nilimwogopa mama yangu. Niliogopa zaidi kwamba nitafika na chozi lisitoke.

Mwaka huu nikajikaza nikaja. Kigoma mjini sikutulia. Niliagiza chai nikaiacha. Niliteremka ziwani, nikapanda tena, viatu vimejaa mchanga. Dereva wa bodaboda akauliza, "Mzee, tunakwenda au hatuendi?" Nikamfokea, nikamwomba radhi, kisha nikamwambia apite njia ya mbali. Lo, profesa mzima!

Mama nilimkuta uani anachambua maharage. Dada yangu, aliyemuuguza baba hadi mwisho, alikuwa anaanika kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, keti." Dada akaniletea kiti, akarudi kwenye kanga zake.

Nikangoja. Machozi yalikuwa karibu, niko tayari kabisa, wao wanaendelea na kazi zao. Nikabaki nimesimama na begi mkononi.

"Mama, mimi sijamlilia baba."

"Najua."

"Basi tulie."

Alinitazama bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipoumia.

"Mwaka wa kwanza tulikungoja," akasema. "Wa pili pia. Halafu siku moja nikakaa hapa hapa, nikakulilia na wewe. Nililia nikamaliza, mwanangu."